Wifi Yetu na Tiba ya Mwanga



Makala haya tumeyaandika watatu, dada wa tumbo moja wa Kibokoni, Mombasa, na tumeyaandika kwa idhini ya wifi yetu, mke wa kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwenye habari yenyewe. Ametushurutisha mambo mawili: jina lake lisitajwe, na asifanywe mtu wa kuonewa huruma. La kwanza ni jepesi. La pili tutajitahidi.

Siku moja wifi yetu alimsindikiza jirani zahanati, na kwa kuwa foleni ilikuwa fupi akakubali kupimwa pamoja naye. Kipimo chenyewe ni cha siki. Muuguzi, naye ni mwanamke, hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja, kisha akatazama kwa taa. Palipo salama hubaki na rangi yake. Pale ambapo chembe zimeanza kwenda kombo hugeuka peupe. Kwa wifi yetu palionekana peupe. Akapelekwa kwa daktari bingwa, akatolewa kinyama kidogo mfano wa punje ya mchele, nacho kikapelekwa maabara. Hospitali iliyokipokea, ambayo hatutaitaja, ilikaa nacho wiki kumi. Majibu yalipotoka yalisema kwamba si saratani. Ni mabadiliko yanayoitangulia, daraja la tatu, ambalo ndilo la juu kabisa kabla ya saratani yenyewe.

Hapa tuombe subira ya msomaji, maana hapa ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Neno saratani likishatamkwa, hata likitanguliwa na "si", masikio huziba. Mama yetu alilia tangu adhuhuri hadi magharibi. Lakini jambo lenyewe ni hili. Mlango wa kizazi umefunikwa na utando wa chembe zilizopangana tabaka juu ya tabaka. Kirusi kiitwacho papiloma kikikaa humo muda mrefu, chembe za chini huanza kuharibika umbo, na uharibifu hupanda juu. Ukifika theluthi moja ya unene wa utando, ni daraja la kwanza. Theluthi mbili, la pili. Ukipita hapo, ni la tatu. Madhali chembe hizo hazijavunja sakafu ya utando na kuingia ndani ya mwili, mgonjwa hana saratani. Ana mgeni aliyefika kizingitini.

Je, mgeni huyo lazima aingie? Jawabu lake lilipatikana kwa njia ya kusikitisha. Katika mji wa Auckland, New Zealand, kuanzia miaka ya 1960, baadhi ya wanawake waliokuwa na daraja la tatu hawakutibiwa ipasavyo. Waliachwa wakitazamwa tu, kwa kuwa daktari wao hakuamini kwamba hali ile huzaa saratani, na wengi wao hawakuelezwa kwamba wanatazamwa. Mambo yalipofichuka kukaundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji, mwaka 1987. Watafiti waliorudia majalada yao walichapisha matokeo mwaka 2008: kati ya wale ambao hawakutibiwa vya kutosha, kiasi cha 30 kwa kila 100 walipata saratani katika muda wa miaka 30. Waliotibiwa sawasawa, hawakufika hata mmoja kwa 100. Tulipoisoma habari hii tulifahamu mambo mawili kwa pamoja: kwamba wifi yetu hakuwa anakufa kesho, na kwamba kumwacha hivyo hivyo halikuwa jambo la kufikiriwa.

Ndipo ikaja sauti kutoka Muscat. Binamu yetu, mtu mwema na mwenye haraka, alituma ujumbe wa dakika kumi na moja kwenye simu. Amesoma kwamba siku hizi maradhi haya hutibiwa kwa leza ikichanganywa na mwanga, bila kisu, bila kukatwa, na kizazi kikabaki salama. Basi tusimpeleke mtoto wa watu kwa wakata nyama, tuchange fedha asafiri India au kokote iliko tiba hiyo. Wifi yetu ana miaka thelathini na minne na watoto wawili, na anatamani wa tatu. Neno "bila kukatwa" lilimwingia. Kufikia usiku ule mama alikwisha kutoa bangili zake mbili za dhahabu na kuziweka juu ya meza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Binamu alisema "mionzi", nasi kwa Kiswahili neno hili moja hulibebesha kila kitu: mionzi ya jua, mionzi ya picha ya mfupa, na mionzi mikali ya kuchomea saratani. Mama akamkumbuka jirani wa Kuze aliyetibiwa kwa mionzi akadhoofika, akasema hatakubali. Ilichukua jioni nzima kumweleza kwamba leza na mwanga si mionzi ya namna hiyo. Ni mwanga wa aina ya ule utokao kwenye taa, ila umepangwa na kuongozwa. Mmoja wetu husomesha sayansi skuli ya upili, na kwa wiki mbili tuligeuza uani kwake kuwa darasa. Tuliyoyapata ni haya.

Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko Marekani. Ile inayotumika zaidi kwa maradhi ya kike hutoka kwenye hewa ya kaboni, ilibuniwa mwaka 1964, na mwali wake hauonekani kwa jicho. Sifa yake kubwa ni kwamba hunywewa na maji. Na chembe ya mwili ni nini ila kifuko cha maji? Mwali ukigusa, maji huchemka papo hapo na chembe hugeuka mvuke. Daktari huuongoza kwa darubini, akaondoa utando mbovu tabaka kwa tabaka hadi kina cha kama milimita saba, kwa sababu ubaya hujificha pia katika vishimo vya tezi. Kazi ni safi na damu ni kidogo. Lakini ina masharti. Kilichogeuka mvuke hakiwezi kupelekwa maabara, kwa hiyo ni lazima kinyama kiwe kimekwisha kupimwa kabla, ili saratani iliyojificha isije ikachomwa juujuu na mizizi ikabaki. Na moshi wake unaweza kubeba vinasaba vya kirusi, hivyo chumba huhitaji mashine ya kuufyonza.

Tiba ya mwanga ni kitu kingine kabisa, nayo ndiyo iliyotushangaza. Hapa mwanga hauchomi. Mgonjwa hupakwa dawa ambayo kwa yenyewe haina nguvu ya kuua. Iliyo maarufu imetokana na kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza ukiwa njiani kuunda wekundu wa damu. Chembe zilizoharibika huipokea na kuigeuza kuwa rangi fulani, nazo huirundika kuliko chembe nzima. Baada ya saa kadhaa humulikwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita kama 635. Rangi ile huudaka mwanga, ikaipasha oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hugeuka kuwa kali kiasi cha kuiua chembe iliyoibeba. Yanahitajika mambo matatu: dawa, mwanga na oksijeni, likikosekana moja, hakuna kinachotokea. Ndiyo maana jirani mzima husalimika kwa kiasi kikubwa, na mlango wa kizazi haufupishwi.

Asili ya elimu hii ilitufurahisha, na msomaji atusamehe tukichepuka. Vitabu vya Wazungu huanza na mwanafunzi Oscar Raab, mjini Munich mwaka 1900, aliyeona vijidudu vilivyotiwa rangi fulani vikifa penye mwanga na kuishi gizani. Lakini Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mitishamba aliyezaliwa Malaga na kufariki Damascus mwaka 1248, alikwisha kuandika juu ya mbegu za mmea uitwao atrilal, husagwa zikachanganywa na asali, mgonjwa wa mabaka meupe ya ngozi akanywa kisha akaketi juani. Dawa na mwanga, pamoja. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Misri walitoa kiini cha mmea ule ule na kukitumia hospitalini. Hatusemi haya kwa kujigamba kwamba kila kitu kilianza kwetu. Tabia hiyo inatuchosha. Twasema tu kwamba fikra ya kutibu kwa dawa inayongoja mwanga si ngeni katika maktaba zetu.

Sasa, kwa nini vichanganywe? Kila kimoja kina pengo ambalo mwenziwe huliziba. Mwanga mwekundu hupenya milimita chache tu, na dawa ya kupaka haizami penye utando mnene au uliokakamaa, hasa sehemu za nje za uke. Leza kwa upande wake huondoa unene huo kwa dakika chache, lakini huondoa kile tu ambacho daktari amekiona. Chembe mbovu zilizotawanyika pembeni, na kirusi kilicholala katika utando unaoonekana mzima, huachwa, na ndiyo sababu maradhi hurudi. Basi leza hutangulia kufyeka, na mwanga hufuata kusafisha. Madaktari wa China wameitumia sana njia hii, kwa mlango wa kizazi na kwa uke, ambako kukata ni kugumu na majeraha yake ni mazito. Kwa mwanamke mwenye mabaka mengi sehemu za nje, ambaye kisu kingemwacha na makovu ya maisha, twaona ni rehema kubwa.

Lakini si mwujiza. Katika jaribio moja kubwa la tiba ya mwanga peke yake kwa mlango wa kizazi, baada ya miezi sita kiasi cha wanawake wanne kwa kumi walikuwa wamepona. Na katika kundi lililopewa dawa bandia, wawili kwa kumi walikuwa wamepona wenyewe. Msomaji apime. Tiba inasaidia, hilo halina shaka. Lakini sita kwa kumi bado walihitaji kufuatiliwa. Tena dawa zinazopitishwa kwenye mshipa humfanya mgonjwa akimbie jua kwa wiki nyingi, na mtu wa pwani ajue maana yake. Ile ya kupaka haina adha hiyo kwa kiasi kikubwa, ila wengi husikia mwako wakati wa kumulikwa, na mara nyingi hurudiwa zaidi ya mara moja. Kwa mtu wa kusafiri, kila marudio ni tiketi.

Tukaenda kwa daktari bingwa tukiwa wanne pamoja na wifi yetu, na karatasi yenye maswali kumi na manne. Daktari hakucheka. Alisema tiba ile ni ya kweli, na kwamba angefurahi kuwa na mashine hizo. Kisha akauliza swali ambalo Muscat halikuulizwa: doa la wifi yenu liko wapi? Akatuchorea. Lilikuwa lote kwenye uso wa mlango, mipaka yake yote yaonekana, halikuingia katika njia ya ndani. Kwa doa la namna hiyo, alisema, iko tiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, haikati, haifupishi mlango wa kizazi, na ipo hapa hapa: kuchoma kwa joto. Kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi 100 huwekwa kwenye doa kwa sekunde 20 hadi 30, hurudiwa penye haja, mgonjwa akaenda nyumbani kwa miguu yake. Kifaa chake siku hizi hushikwa mkononi na huenda kwa betri. Kingine ni cha kugandisha kwa baridi kali. Lau doa lingekuwa limeingia ndani, ingebidi kitanzi cha waya wa umeme kilikate, na hapo ndipo pangekuwa na mazungumzo juu ya mimba za baadaye, maana mlango uliokatwa kwa kina huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake.

Kwa hiyo lile neno la Muscat, "bila kukatwa", halikuwa na haja ya pasipoti.

Tulirudi nyumbani na mjadala haukuisha, tusidanganye. Binamu aliona tunamfanyia wifi uchumi. Mama aliona kitu kinachopatikana mtaa wa pili kwa bei ndogo hakiwezi kuwa sawa na kinachohitaji ndege. Hili ni gonjwa letu watu wa Pwani, na tunalisema kwa mapenzi: tumewaona wangapi waliouza kiwanja kwenda kutafuta ng'ambo kile walichoogopa kukiuliza hapa? Wako wanaosafiri kwa haki, kwa maradhi yasiyo na tiba kwetu, na Mungu awaponye. Lakini kwa jambo hili muda una thamani kuliko mashine. Wiki kumi zilikwisha kupotea maabara. Kuchanga, viza na safari ingekuwa miezi minne mingine, au mitano. Aliyekata shauri ni mwenyewe. Alisema, "Bangili za mama zirudi kabatini. Mimi nataka hili liishe kabla ya Maulidi." Likaisha tarehe nne Mfungo Sita, siku nane kabla ya Maulidi, kwa muda mfupi kuliko wa kukaanga maandazi ya nyumba moja.

Yaliyofuata hakuna aliyekuwa ametuambia kwa ukamilifu, basi tunayaandika kwa faida ya wengine. Kwa wiki tatu nne hutoka majimaji mengi, wakati mwingine yenye rangi ya damu. Alikatazwa kukutana na mume kwa wiki sita, na asijiingize kitu chochote ukeni. Swali la sala likazuka siku ya pili. Tulimwendea mwalimu wetu wa kike wa darsa, akatueleza bila kusitasita kwamba damu ya jeraha si hedhi: hujisafisha, hujifunga vizuri, hutia udhu baada ya wakati wa kila faradhi kuingia, na husali. Alituongezea kwamba wanawake wa Kiansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza. Twapenda makungwi na walimu wote wa kike walijue jambo hili, kwa sababu yuko mwanamke atakayeacha tiba kwa kuhofia sala zake, na hatamwambia daktari sababu.

Limebaki zito zaidi. Kirusi cha papiloma huambukizwa kwa maingiliano ya mume na mke. Kaka yetu yuko Doha, hurudi mara moja kwa mwaka. Habari zilipomfikia, alinyamaza siku mbili, na katika kunyamaza kule sote tulisikia swali lisilotamkwa. Na wifi naye alikuwa na lake. Tulimpigia sisi dada zake. Tulimsomea yale tuliyoyasoma: kwamba kirusi hiki ni cha kawaida mno, watu wengi waliowahi kuoa au kuolewa hukutana nacho wakati fulani, kwamba kwa walio wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwamba kwa wachache hukaa kimya miaka na mikaka, na kutoka maambukizo hadi saratani huweza kupita miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo karatasi ya maabara haimshuhudii mtu yeyote kwa lolote. Haisemi lini, wala kutoka kwa nani. Anayeitumia kuvunja nyumba anaisomea kitu kisichoandikwa humo. Kaka alisikiliza, akauliza kama mkewe ana maumivu, kisha akaomba apewe simu azungumze naye faragha. Waliyozungumza hatuyajui na si haki yetu.

Binti yao wa kwanza ametimiza miaka kumi. Chanjo ya kirusi hiki ilizinduliwa na serikali mwaka 2019, tena hapa hapa Mombasa, kwa wasichana wa umri huo, na tunajua maneno yanayosemwa barazani kwamba ni hila ya kuwafanya mabinti wasizae. Hatuna subira nayo. Wanasayansi wamejua tangu miaka ya 1980, kwa kazi ya Mjerumani Harald zur Hausen aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, kwamba aina mbili tu za kirusi hiki, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kama saba ya kumi ya saratani hizi. Chanjo inazikinga hizo. Katika Kenya saratani hii huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka, na kila mmoja wao alipita kwanza kwenye kizingiti kile ambacho wifi yetu amesimamishwa akarudishwa. Mtoto alichanjwa Jumatatu iliyopita. Alilia kidogo, akanunuliwa barafu ya ukwaju.

Wifi yetu atarudi kupimwa mwakani, maana hakuna tiba kati ya hizi zote, ya joto, ya leza wala ya mwanga, isiyohitaji kutazamwa tena. Na akikutwa na baki, mlango wa tiba nyingine uko wazi. Amesema tuandike pia kwamba muuguzi anaweza kuombwa awe mwanamke, na mara nyingi hupatikana, na kwamba kipimo chenyewe hakikumuuma.

Katika sisi dada watatu, wawili tumekwisha kupimwa. Wa tatu, yule wa skuli, amesema atakwenda mitihani ya wanafunzi wake ikimalizika. Tumeliandika hapa ili asipate pa kukimbilia.